Ujira wa Fundi na Ada ya Wakili: Je, Usawa Mbele ya Sheria Watosha?



Mtu anayedai haki yake mahakamani huulizwa swali moja kabla ya mengine yote: "Una wakili?" Lipo swali la pili, zito zaidi, ambalo kwa kawaida haliulizwi kwa sauti: ni nani atakayemlipa wakili huyo? Napenda leo tulitafakari swali hili la pili. Na ili tulitafakari vizuri, nawaomba tutoke kidogo nyumbani kwetu, twende Marekani, ambako majaji wamelibishania kwa zaidi ya miaka mia moja. Wamelibishania hasa kuhusu mafundi wa ujenzi: je, fundi aliyenyimwa fedha yake, akienda mahakamani akashinda, mwenye nyumba aamriwe kumlipia pia ada ya wakili wake? Na je, sheria inayoamuru hivyo inapatana na katiba?

Huenda mmoja wenu akasema: "Baba, mambo ya katiba ya Marekani yanatuhusu nini sisi?" Yanatuhusu kwa sababu kiini chake ni ujira wa mtu aliyekwisha kuifanya kazi. Mtume Yakobo, katika sura ya 5 ya Waraka wake, anautaja ujira uliozuiliwa kuwa ni jambo linalofika masikioni mwa Mungu. Tena yanatuhusu kwa sababu ubishi huo unatufundisha maana ya neno ambalo sote tunalipenda na ambalo ni wachache tunaolipima, yaani neno "usawa".

Haki ya fundi juu ya jengo

Tuanze na jambo lenyewe. Fundi wa baiskeli asiyelipwa hana taabu kubwa. Baiskeli iko mikononi mwake, na haitatoka mpaka fedha itoke. Fundi wa nyumba hana bahati hiyo. Tofali akishalijenga ukutani si lake tena. Limekuwa sehemu ya ardhi ya mtu mwingine. Hawezi kulibomoa akarudi nalo nyumbani. Amebaki na deni mdomoni tu, na mwenye deni yumo ndani, amelala chini ya paa ambalo fundi aliliezeka.

Sheria ya kale ya Uingereza haikumpa fundi huyu dawa yoyote juu ya jengo. Marekani ilimtungia dawa. Mwaka 1791, mji mkuu mpya wa Washington ulipokuwa unaanza kujengwa, mafundi na wauza vifaa walihitaji kutiwa moyo kwamba jasho lao halitapotea. Thomas Jefferson, wakati huo Waziri wa Mambo ya Nje, pamoja na James Madison, waliunga mkono wazo la kumpa fundi haki ya kulishikilia jengo lenyewe mpaka alipwe. Bunge la Maryland likaipitisha sheria hiyo mwaka huohuo. Baadaye kila jimbo la Marekani likatunga ya kwake. Katika California haki hiyo iliingizwa hata ndani ya Katiba ya jimbo ya mwaka 1879, na imo humo mpaka leo.

Hatuna budi kukumbuka pia, kwa ajili ya ukweli, kwamba miongoni mwa waliochonga mawe na kupasua mbao za majengo makuu ya Washington walikuwamo watumwa. Ujira wa kazi yao ulilipwa kwa mabwana zao. Sheria iliyotungwa kuulinda ujira haikuwaona. Tuliweke jambo hili akilini, maana tutalirudia.

Haki ya fundi hufanya kazi hivi: fundi, kibarua au mwuza vifaa asiyelipwa huandikisha dai lake katika ofisi ya kumbukumbu za ardhi ya wilaya, kabla ya muda uliowekwa kwisha. Kuanzia hapo nyumba ile ina doa. Ni vigumu kuiuza au kuikopea. Deni lisipolipwa, fundi hufungua kesi, na mahakama yaweza kuamuru nyumba iuzwe ili alipwe. Muda wenyewe ni mfupi. Katika California, kwa mfano, dai likishaandikishwa, kesi yapaswa kufunguliwa ndani ya siku 90, la sivyo haki inakufa.

Hapa ndipo wakili anapoingia. Kibarua gani atayajua masharti hayo yote peke yake? Na Marekani ina desturi ambayo ni tofauti na yetu. Kwetu, katika mahakama tulizorithi kwa Waingereza, aliyeshindwa kwa kawaida huamriwa kulipa gharama za aliyeshinda. Kule Marekani, tangu karne ya 18, kila mtu hujilipia wakili wake, ashinde au ashindwe, isipokuwa pale ambapo sheria au mkataba umesema vingine. Basi tufanye hesabu ya mfano. Kibarua anadai dola 500. Wakili anataka dola 400. Kibarua akishinda kesi yake yote, amebakiwa na dola 100. Je, ameshinda? Mwenye deni mjanja anaijua hesabu hiyo. Ndiyo maana huthubutu kumwambia, "Nenda mahakamani."

Kwa sababu hiyo mabunge ya majimbo mengi, hasa ya magharibi, yaliongeza kifungu katika sheria zao za haki ya fundi: mdai akishinda, mahakama imwamuru mwenye jengo alipe pia ada ya kiasi ya wakili wa mdai. Kifungu hicho ndicho kilichozusha ugomvi wa kikatiba.

Mwana-farasi wa Texas

Kesi iliyotoa mwongozo haikuwa ya jengo. Ilikuwa ya mwana-farasi. Mwaka 1889 Bunge la Texas lilitunga sheria kuhusu madai madogo, yasiyozidi dola 50, dhidi ya kampuni za reli. Madai hayo yalikuwa ya ujira wa kazi, ya nauli ya mizigo iliyotozwa kupita kiasi, ya mifugo iliyogongwa na garimoshi, na kadhalika. Kampuni isipolipa ndani ya siku 30, na mdai akashinda kesi, kampuni ingelipa pia ada ya wakili isiyozidi dola 10. Bwana mmoja aitwaye Ellis akashinda dola 50 kwa mwana-farasi wake aliyeuawa na garimoshi, na juu yake dola 10 za wakili. Kampuni ya reli ikakata rufani mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani mjini Washington. Kwa ajili ya dola 10!

Mwezi Januari 1897 Mahakama ya Juu ikaipa reli ushindi. Jaji David Brewer aliandika kwamba Marekebisho ya Kumi na Nne ya Katiba, ya mwaka 1868, yanampa kila mtu ulinzi sawa wa sheria, na kampuni nayo ni mtu mbele ya sheria. Bunge laweza kuwagawa watu katika makundi, lakini mgawanyo uwe na sababu inayohusiana na jambo lenyewe. Kwa nini mdaiwa huyu aadhibiwe kwa kuchelewesha deni, na wadaiwa wengine wote waachwe? Tena reli ikishindwa inalipa ada ya wakili wa mwenzake, lakini ikishinda hairudishiwi hata senti moja. Majaji watatu walipinga, wakiwa pamoja na Jaji Mkuu Fuller. Kwao, kupanga gharama za kesi ni kazi halali ya Bunge la jimbo.

Ndugu msomaji, hoja ya Jaji Brewer haikosi nguvu, na nitaieleza baadaye. Lakini tuitazame kwanza tarehe yake. Marekebisho ya Kumi na Nne yalitungwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe ili kuwalinda watu weusi waliotoka utumwani. Mwezi Mei 1896, miezi minane tu kabla ya hukumu hii, Mahakama ileile ilikuwa imeamua kesi ya Homer Plessy wa Louisiana, aliyekatazwa kuketi katika behewa la wazungu. Mahakama ilisema kwamba kuwatenga weusi katika mabehewa yao hakuvunji ulinzi sawa wa sheria. Jaji Brewer hakushiriki katika kesi ile, lakini Mahakama ni ileile na maneno ya Katiba ni yaleyale. Maneno hayo hayakumtosha mtu mweusi apate kiti katika garimoshi, ila yaliitosha kampuni ya garimoshi iokoe dola 10. Wajukuu wa wale waliojenga Washington bila ujira walifungiwa mlango, na mlango huohuo ukafunguliwa kwa mwenye reli.

Majimbo yagawanyika

Mahakama za majimbo zilipoletewa kifungu cha ada ya wakili katika sheria ya mafundi, hazikukubaliana. Mahakama Kuu ya Montana, mwaka 1892, ilikuwa imekwisha kukikubali. Mahakama Kuu ya Colorado ilikifuta mwaka 1900. Ile ya California ilikifuta mwaka 1907, katika kesi iliyoletwa na kampuni ya kuuza vifaa vya ujenzi. Sababu ya waliokifuta ilikuwa karibu moja: mwenye jengo anatozwa mzigo ambao mdaiwa wa kawaida hatozwi, na akishinda yeye hapati kitu. Tunda la hukumu ile ya 1907 linaonekana mpaka sasa. Huko California, ambako haki yenyewe ya fundi imo ndani ya Katiba, ada ya wakili hailipwi katika kesi ya haki ya fundi, isipokuwa kama mkataba umesema hivyo.

Wakati huohuo Mahakama ya Juu ya Marekani yenyewe ilianza kulegeza msimamo. Mwaka 1899 Jaji Brewer yuleyule aliandika hukumu iliyoikubali sheria ya Kansas: reli iliyosababisha moto mashambani ilipe na ada ya wakili wa mkulima. Sababu aliyoitoa ni kwamba sheria hiyo ililenga kuzuia hatari ambayo ni ya reli hasa, yaani cheche za garimoshi. Majaji wanne kati ya tisa walikataa. Kisha, mwaka 1914, ikaja sheria mpya ya Texas ya 1909. Safari hii Bunge lilikuwa limejifunza. Sheria haikuitaja reli peke yake. Ilimhusu mtu yeyote na kampuni yoyote. Ilihusu madai madogo, yasiyozidi dola 200, ukiwamo ujira. Mdaiwa alipewa siku 30 za kulipa. Mdai alipaswa kushinda dai lake lote, si nusu. Na ada ya wakili haikuweza kuzidi dola 20. Iliendelea kuwa ya upande mmoja: mdai tu ndiye aliyeweza kuipata. Hata hivyo Mahakama ya Juu iliona inapatana na Katiba.

Lakini ubishi haukuishia hapo. Mwaka 1985 Mahakama Kuu ya South Carolina ilikifuta kifungu cha jimbo hilo, kwa sababu kilimpa ada ya wakili mwenye dai aliyeshinda na kumnyima mwenye nyumba aliyeshinda. Bunge la South Carolina likakirekebisha: sasa ada huenda kwa yule aliyeshinda, awe nani, na pamoja na gharama za mahakama haiwezi kuzidi kiasi cha dai lenyewe. Florida na Washington nazo humpa aliyeshinda. Idaho imebaki na ada ya mdai peke yake. Hivyo mpaka leo fundi wa Boise na fundi wa Los Angeles, wenye nyundo za namna moja na jasho la namna moja, hawana bahati moja mahakamani.

Tumsikilize na mwenye nyumba

Mpaka hapa huenda msomaji amekwisha kuchagua upande. Fundi ni maskini, mwenye nyumba ni tajiri, na mambo yamekwisha. Nawasihi tusiharakishe.

Si kila anayeitumia haki hii ni kibarua. Kampuni kubwa ya kuuza saruji na mbao nayo inaitumia. Na si kila mwenye nyumba ni tajiri. Tuchukue mfano wa mjane aliyejibana miaka mingi ili aongeze chumba kimoja. Amempa mkandarasi fedha yote waliyopatana. Mkandarasi amekula fedha hiyo na hakumlipa mwuza mbao. Katika majimbo kadhaa, California ikiwamo, mwuza mbao yule aweza kuiandikia dai nyumba ya mjane ingawa mjane alikwisha kulipa. Yaani atalipa mara mbili. Sasa tumwongezee na mzigo wa tatu, ada ya wakili wa kampuni ya mbao? Na kama dai lilikuwa la uongo, mjane akajitetea na kushinda, akatoka mahakamani na nyumba yake salama lakini na bili ya wakili wake mkononi, tutamwambia kwamba sheria ilimlinda mnyonge?

Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Methali hiyo inatudai tutoe haki hata kwa mtu ambaye hatuna huruma naye, ikiwa ni pamoja na kampuni ya reli. Ndiyo maana nimesema hoja ya Jaji Brewer haikosi nguvu. Sheria inayomchapa mtu kwa jina lake bila kueleza sababu, hata kama leo inamchapa mkubwa, kesho yaweza kumchapa mdogo. Ni halali kabisa kuliuliza Bunge: kwa nini huyu, na si yule? Kosa la Mahakama ile halikuwa kuuliza swali hilo. Kosa lilikuwa kulisikiliza jibu kwa sikio moja. Majibu yalikuwapo: dai dogo haliwezi kubeba gharama ya wakili, na mdaiwa mkubwa anaweza kuutumia udogo wa dai kuwa ngao yake.

Maoni yangu

Naomba sasa niseme ninavyoona mimi. Sikusomea uanasheria, nilisomea falsafa na teolojia seminarini. Lakini haki ya ujira si mali ya wanasheria peke yao.

Kwanza, haki ambayo gharama ya kuidai inaimeza yenyewe si haki kamili. Ni kama kumpa mtu kisima bila kamba na ndoo. Bunge linalosema "fundi ana haki juu ya jengo" halafu likamwacha atumie ujira wake wote kuidai haki hiyo, limempa kwa mkono wa kulia na kumnyang'anya kwa mkono wa kushoto. Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wale walioiona ada ya wakili kuwa ni zawadi ya ziada kwa fundi, au adhabu kwa mwenye nyumba. Ni sehemu ya gharama ya kurudisha kilicho chake. Naamini mahakama za Colorado na California zililipima jambo hili kwa mizani finyu.

Pili, usawa wa maneno si usawa wa mizani. Sheria inayosema "kila mtu ajilipie wakili wake" inatumia maneno sawa kwa kampuni yenye mawakili wa kudumu na kwa kibarua mwenye koti moja. Maneno ni sawa. Uzito si sawa. Kamba hukatikia pembamba, na jaji asiyetazama palipo pembamba hawezi kusema ameipima kamba.

Tatu, hata hivyo, dawa isigeuke sumu. Mtu akiniuliza ningependa sheria ya namna gani, ningejibu kwa kuwatenganisha watu ambao sheria za haki ya fundi zimewachanganya. Kati ya mwuza vifaa, mkandarasi na mwenye nyumba, mlango uwe wazi pande zote mbili kama walivyofanya South Carolina: aliyeshinda alipwe, na ada isizidi deni linalogombaniwa. Wote hao wana daftari za hesabu, na kila mmoja aweza kupima kama dai lake ni la kweli kabla ya kulipeleka mahakamani. Mjane niliyemtaja angekuwa salama.

Lakini kwa kibarua anayedai ujira wa mikono yake, kipimo hicho kingekuwa kigumu mno. Mlango wa pande mbili humtisha. Akiambiwa, "Ukishindwa utamlipa wakili wa tajiri," ataogopa hata kama dai lake ni la haki, maana hata dai la haki hushindwa kwa kukosa shahidi au kwa karatasi iliyochelewa siku moja. Kwake yeye ningechagua njia ya Texas ya 1909: mdaiwa apewe siku 30 za kulipa, dai liwe la kiasi kidogo na lithibitishwe lote, ada iwe na kikomo, nayo ilipwe kwa mdai tu. Sheria ya namna hiyo imekwisha kupimwa mbele ya Mahakama ya Juu mwaka 1914 na ikakubaliwa. Haimpendelei mtu kwa jina lake. Inampa mdaiwa mwaminifu nafasi ya kutoka bila hasara: alipe ndani ya mwezi mmoja, na wakili hatamdai kitu.

Wapo watakaosema kwamba huo ni upendeleo. Nakubali kwamba ni tofauti, lakini tofauti yenye sababu si upendeleo. Mzazi mwenye mtoto mgonjwa na mtoto mzima hawagawii uji kwa kijiko kilekile. Jaji Brewer mwenyewe, katika kesi ya moto wa Kansas, alikiri kwamba sheria yaweza kutofautisha pale ambapo hatari ni tofauti. Cheche za garimoshi ni hatari kwa shamba. Je, njaa ya familia ya kibarua aliyenyimwa ujira si hatari kwa nyumba yake?

Tunarudi nyumbani na nini?

Nilisema kwetu aliyeshindwa kwa kawaida hulipa gharama za aliyeshinda. Kwa mtazamo wa kwanza, sisi tumewatangulia Wamarekani: fundi akishinda hulipwa na gharama. Lakini mlango wetu ni ule wa pande mbili, na tumekwisha kuona unavyomtisha mdogo. Wako wanaoacha deni la haki lipotee kwa sababu wanaogopa gharama za kushindwa kuliko wanavyotumaini faida ya kushinda. Tusiwacheke basi Wamarekani. Desturi yao humwacha maskini nje kwa kumnyima wakili. Desturi yetu yaweza kumwacha nje kwa hofu.

Ninachowaomba viongozi wa walei ni jambo moja. Mkisikia sheria yoyote inasifiwa kwamba inawatendea watu wote sawa, msitosheke na sifa hiyo, wala msiikatae upesi. Ulizeni maswali mawili ambayo kesi ya mwana-farasi imetuachia: kwa nini huyu na si yule? Na baada ya gharama zote kutolewa, mwenye haki anarudi nyumbani na nini mkononi? Swali la kwanza linamlinda mkubwa dhidi ya chuki. La pili linamlinda mdogo dhidi ya usawa wa maneno. Sheria iliyojibu moja tu bado haijakamilika.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya

1. Je, unaona ni haki mwenye nyumba aliyekwisha kumlipa mkandarasi adaiwe tena na mwuza vifaa? Nani abebe hasara ya mkandarasi mdanganyifu?

2. Kibarua akishindwa kesi ya ujira aliyoifungua kwa nia njema, je, alipe gharama za mwajiri wake? Toa sababu.

3. Katika jumuiya yetu, ni nani aliyeacha kudai haki yake kwa kuogopa gharama? Na je, yuko kati yetu anayemchelewesha fundi wake kwa sababu anajua fundi huyo hawezi kumshtaki?